Mama Asiyetajwa Jina

Damari alikuwa ameondoka mjini kwa msimu mmoja tu wa mvua. Hilo alilijua kwa hakika. Baada ya kumzika binti yake Melitea hakuweza tena kulala katika chumba ambamo mto wa yule binti ulikuwa bado umebonyea mahali pa kichwa, na kaka yake akaja na punda kumchukua, akampeleka kwake kwenye mashamba ya chumvi. Huko alilala, akaamka, akasikiliza mvua, akala alichowekewa mbele. Mvua zilipokatika akasema anarudi. Kaburi la mwanawe lilikuwa limechimbwa harakaharaka nyuma ya mabanda ya watengeneza ngozi, na alitaka kung'oa magugu kabla hayajalificha.

Lakini lango alilolikuta halikuwa lile aliloliacha. Ukuta ulikuwa umepanda juu na kupakwa chokaa, na askari aliyesimama pale alikuwa amevaa kitambaa cheupe kifuani, kimetariziwa msalaba. Damari aliitazama ile ishara mpaka macho yakamuuma. Ndiyo hiyo hiyo Melitea aliyokuwa akiichora kwa mkaa ukutani, chini ya kitanda, na kuifuta kwa kiganja kila asubuhi asije jirani akaiona. Ndiyo hiyo waliyomfungia. Sasa askari alikuwa ameivaa mchana kweupe, na alikuwa akipiga miayo.

"Umekuja kuhiji, bibi?" askari akamuuliza.

"Nimekuja nyumbani."

"Kila anayekuja kwa Mtakatifu husema hivyo. Pita. Fuata wenye mishumaa, hutapotea."

Akapita. Uwanja ambamo watu walitupwa kwa wanyama wakali haukuwepo. Mawe yake yalikuwa yakichomwa kwenye tanuri kupata chokaa, na mahali walipokuwa wakikaa matajiri palikuwa pameoteshwa vitunguu. Akamuuliza mchoma chokaa uwanja ulibomolewa lini. Yule mtu akajipangusa jasho, akasema hakuukuta, wala baba yake hakuukuta, hizo ni habari za enzi za Mtakatifu, na enzi za Mtakatifu hakuna ajuaye zilikuwa lini.

Damari alikuwa mtia nili. Tangu utotoni mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, na kazi ilikuwa imemfundisha kwamba kitambaa kikikunjwa vibaya hakishiki rangi sawasawa: upande wa nje huzama mpaka ukakaribia weusi, na wa ndani ya mkunjo hubaki mweupe, kana kwamba maji hayakuwahi kuufikia. Akawaza huenda ndivyo ilivyokuwa. Mji mzima ulikuwa umezamishwa katika miaka, ukatolewa, ukaanikwa, na yeye peke yake alikuwa amebaki ndani ya mkunjo, ana huzuni ya msimu mmoja, mbichi, mbele ya watu ambao kwao huzuni hiyo imekuwa sikukuu. Angefanya nini? Hakuna mahali pa kushitaki wakati. Mtu huibiwa mbuzi akapiga kelele, watu wakatoka. Ukiibiwa miaka, utapiga kelele ukisema nini, na atakayetoka atakuwa ni nani?

Mabanda ya ngozi nayo hayakuwepo. Palipokuwa na kaburi palikuwa na nyumba kubwa ya mawe meupe, na ndani yake, katikati, jiwe refu lililolazwa, limelainika kwa kuguswa. Mwanamke mwenye mabega mapana alikuwa akipiga deki.

"Shikamoo, bibi. Vua viatu, sakafu ina maji."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo alipozikwa Melitea?"

"Mtakatifu Melitea," mwanamke akamsahihisha, bila ukali. Jina lake lilikuwa Roda, na kazi yake ilikuwa kulitunza kaburi. "Umekuja kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Wengi huja kwa ajili ya mtoto. Anaumwa, au kafungwa?"

Damari alifikiri kidogo. "Alifungwa."

"Basi umefika penyewe."

Roda alimketisha kwenye benchi la mawe, akamletea mkate na zeituni, na kwa kuwa mgeni huyu alionekana ametoka mbali, akamhadithia habari ya Mtakatifu kama watu wa pale wanavyowahadithia wageni. Alihadithia vizuri. Melitea alikuwa binti wa mfalme. Uzuri wake ulikuwa hivi kwamba ndege walikuwa wakikosa njia. Liwali wa mji alimwona, akamtaka, lakini Melitea alikuwa amekwisha kujitoa kwa Kristo. Ndipo mama yake, mwanamke mpenda vyeo, akawafungulia askari mlango kwa mkono wake mwenyewe. Gerezani akaenda kumbembeleza aikane imani. Melitea hakuyumba. Simba walipofunguliwa walimlamba miguu, naye akaimba zaburi mpaka roho ikatoka yenyewe, bila jeraha. Liwali alipoona hayo alilia, akaamini, akabatizwa.

"Na mama yake?" Damari akauliza.

"Mikono iliyofungua mlango iligeuka rangi ya maiti. Akatangatanga, ardhi haikumpokea. Jina lake hatulitaji."

Damari akaingiza mikono ndani ya mtandio.

Binti wa mfalme. Baba yake alikuwa mtia nili, alikufa kwa kikohozi. Uzuri. Alikuwa na makengeza, jicho la kushoto, na alama ya moto mkononi tangu alipoanguka kwenye jiko. Ndege. Aliogopa mbwa, hata mbwa wadogo, alikuwa akizunguka mtaa mzima kuwakwepa. Mlango. Ndiyo, mlango niliufungua. Nilidhani ni jirani anarudisha chekecheo cha unga. Nani hafungui mlango ukigongwa?

Aliyasema hayo yote ndani kwa ndani, wala midomo yake haikutikisika. Na lililomtisha halikuwa uongo wenyewe. Lilikuwa ni uso wa Roda wakati akihadithia, jinsi ulivyokuwa umetulia na kung'aa, uso wa mtu anayekula akashiba. Kwamba uongo uweze kumlisha mtu kiasi kile, na ukweli alioubeba yeye kutoka mashamba ya chumvi usiwe na wa kumlisha isipokuwa yeye peke yake, na yeye mwenyewe ukweli huo haukuwa ukimshibisha bali ukimtafuna.

Kesho yake ilikuwa sikukuu, na asubuhi ile ndipo maandiko ya Mtakatifu yangesomwa mbele ya watu. Roda alimwambia kwamba msomaji ni Shemasi Pafnuti, na kwamba kila mwaka huyaandika upya ili yazidi kuwa mazuri. Damari akamtafuta. Alimkuta katika chumba chenye dirisha moja, mtu wa makamo, mwembamba, vidole vimechafuka wino. Akasimama mlangoni, akamweleza kila kitu: jina lake, jina la marehemu mumewe, mtaa, jirani na chekecheo chake, mkate aliokuwa akiupeleka gerezani na kugawana na bawabu ili aruhusiwe. Pafnuti alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavuta kigoda.

"Kaa, bibi. Wewe si wa kwanza."

"Si wa kwanza wa nini?"

"Karibu kila mwaka huja mwanamke akasema yeye ndiye yule mama. Kuna watu ambao hatia yao ni kubwa na haina jina, basi hutafuta jina la kuibebea. Mwaka juzi alikuja mmoja aliyekuwa amemtelekeza mwanawe jangwani. Alikuwa ametia mikono yake rangi."

Damari akaitoa mikono kwenye mtandio, akaiweka juu ya magoti. Nili ilikuwa imeingia mpaka ndani ya mistari ya viganja na chini ya kucha, kama inavyoingia kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka. Pafnuti akaitazama kwa muda. Kisha akageuza macho yake kwenye dirisha, na tangu hapo hakumtazama tena usoni.

"Tuseme nakuamini," akasema polepole. "Unataka nifanye nini?"

"Andika alikuwa na makengeza."

"Watu wataniuliza kwa nini Mungu amchague mwenye makengeza."

"Andika kwamba sikumuuza."

"Basi nani alimuua?"

"Liwali. Liwali na askari wake. Mji mzima ulikuwepo, watu walibeba chakula wakaenda kutazama."

Pafnuti akainuka, akaufunga mlango taratibu. "Bibi, wanaokaa mstari wa mbele kanisani kesho ni wajukuu wa wajukuu wa liwali yule. Mawe ya nyumba hii ni wao walioyatoa. Na hao wengine wote ni vizazi vya wale waliobeba chakula. Hawawezi kuja hapa mwaka hadi mwaka kusikia kwamba wao ndio. Hakuna mji unaoweza kulivumilia hilo. Lakini damu ilimwagika, na damu haikai hewani, lazima imwangukie mtu. Mama hakuacha ukoo. Hakutoa jiwe hata moja. Mama hana wa kumtetea."

"Nipo mimi."

"Ndiyo," akasema shemasi. "Upo wewe."

Nje, wapiga vyombo walikuwa wakijaribu ngoma za kesho. Damari aliona kwamba mtu huyu hakuwa mwovu, na hilo likamkata nguvu kuliko lolote, maana mwovu ungeweza kumlaani ukaondoka umepumua. Huyu alikuwa amechoka tu. Alikuwa ameshika upande wake wa mzigo kama punda wa kaka yake alivyokuwa akishika chumvi, bila kuuliza ni ya nani.

"Siku ya mwisho," Pafnuti akauliza ghafla, kwa sauti ya chini, "alisema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na lile jambo ambalo Damari hakuwahi kumwambia mtu, hata kaka yake.

Asubuhi ile alimkuta Melitea ameegemea nondo za gereza. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, sauti imekwisha. Siku zote Damari alikuwa akimbembeleza, ni kweli, alimbembeleza kama mama yeyote: choma punje moja ya ubani mbele ya sanamu yao, mwanangu, Mungu anaona moyo, hatazami moshi. Na siku zote Melitea alitikisa kichwa. Asubuhi ile hakutikisa kichwa. Akasema, "Mama, nimechoka. Naomba maji." Akanywa yaliyokuwepo, matone. Kisha akasema, "Nenda kawaambie," na hapo pumzi ikamkatika, na kilichotoka baada ya pumzi kurudi kilikuwa, "...tachoma ubani."

Tachoma. Mwanzo wa neno ulibaki kooni. Damari alisikia nitachoma. Alikimbia. Alikimbia na mtandio ukaanguka njiani, akafika kwa liwali, karani akamwambia liwali anaoga, angoje. Akasema binti yangu amekubali, atachoma. Karani akasema vizuri, angoje. Akapiga mayowe, wakamshika mikono. Akiwa ameshikwa pale uani alisikia, kutoka upande wa uwanja, umati ukiguna kwa pamoja.

Tangu siku ile alikuwa akilirudia lile neno mdomoni, akilitafuta mwanzo wake. Ikiwa ni nitachoma, basi mwanawe alikubali kuishi, na alikufa kwa sababu ya mtu mmoja kuoga. Hakuna mtakatifu, kuna msichana aliyechoka, na mama aliyechelewa. Ikiwa ni sitachoma, basi mwanawe alimtuma akawaambie kwamba hatakubali kamwe, na yeye mama akakimbia mjini akitangaza kinyume chake, akimkana Kristo kwa niaba yake, na hapo maandiko hayakukosea sana. Kati ya ni na si hapakuwa na nafasi hata ya unywele, na maisha ya watu wawili yalikuwa yametumbukia humo. Nani angemwambia? Aliyejua alikuwa chini ya jiwe, na juu ya jiwe kulikuwa na nyimbo nyingi mno kwa mtu kusikia chochote.

"Aliomba maji," Damari akamwambia shemasi.

Pafnuti akainamisha kichwa. Ilionekana neno hilo limemgusa. "Hilo sikuwahi kulisikia," akasema. "Hilo nitaliandika."

Damari alirudi kaburini alasiri akiwa na kitu kidogo kama faraja. Neno moja la kweli lingeingia. Na akiwa amekaa pale benchi wazo likamjia kwamba kesho angeweza kusimama katikati ya kusomwa, aseme jina lake kwa sauti, aseme yote, hata lile la ubani, na liwe liwalo. Walikuwa wamemfanya mwanawe jiwe. Yeye angewarudishia msichana aliyetaka kuishi.

Roda akaja kuketi karibu naye, akinyoosha miguu.

"Sijakuuliza," Roda akasema, "huyo mtoto wako alifungwa kwa kosa gani?"

"Hakufanya kosa."

"Wangu pia. Walimpeleka machimboni. Walinitaka niweke alama ya kidole kwamba ni mwizi, wampunguzie adhabu. Hakuwa mwizi. Nilikuja hapa, nikaweka kifua changu juu ya jiwe hili, nikasema, wewe hukuyumba, basi nishike na mimi nisiyumbe. Sikuweka kidole."

"Na mwanao?"

"Hakurudi." Roda aliitazama sakafu aliyoipiga deki. "Watu wengine walinilaumu. Lakini mimi najua nilifanya alivyofanya yeye. Nisingekuwa na yeye wa kumfuata, bibi, ningekuwa nimemuua mwanangu kwa ubishi tu. Umenielewa?"

Damari alimwelewa. Alimwelewa kiasi kwamba alishika ukingo wa benchi. Lile neno lililokatika mwanzo lilikuwa mdomoni mwake, na mbele yake alikuwa ameketi mwanamke ambaye kifo cha mtoto wake kilikuwa kimesimama juu ya neno hilo. Kulisema ni kumtoa mwanamke huyu sakafu miguuni. Akatazama mabega yale mapana, yaliyozoea kubeba ndoo.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema.

Asubuhi nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wajukuu wa liwali walikuwa mbele, wamevaa nguo za rangi ya nili, nili nzuri; Damari aliitambua kazi, ilikuwa imezamishwa mara nyingi na kukamuliwa kwa mikono yenye nguvu. Shemasi Pafnuti alipanda mahali pake, akasoma. Sauti yake ilikuwa tamu. Akasoma habari ya binti wa mfalme, ndege, liwali, mlango. Akafika gerezani, na hapo akasita kidogo, kama mtu anayeingia chumba kipya cha nyumba yake.

"Na siku ya mwisho," akasoma, "midomo yake ilikauka, akamwambia mama yake, naomba maji. Na yule mama alikuwa na mtungi uliojaa. Akamwaga maji chini mbele ya macho ya binti yake, akisema, kwanza choma ubani."

Mnong'ono ukapita katika watu kama upepo kwenye majani makavu. Wanawake walishika vinywa. Jambo hili lilikuwa jipya, na lilikuwa zuri. Mtu angeweza kulibeba nyumbani na kulilia mwaka mzima. Pafnuti aliinua macho, akayazungusha, akampata Damari pale alipokuwa, karibu na nguzo. Akayashusha haraka, akaendelea.

Sasa, Damari. Sasa ndipo.

Akafungua kinywa. Lakini kilichomjia hakikuwa maneno. Alikuwa anauona mtungi. Aliiona shingo yake, ufa wake mdogo karibu na kishikio, akauhisi uzito wake kwenye kiganja, na jinsi uzito huo unavyopungua maji yanapotoka. Aliyasikia yakigonga mawe ya gereza. Hakuwahi kumwaga maji yale. Alikuwa na hakika hakumwaga. Alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika ya msimu mmoja wa mvua. Akajaribu kulitafuta jicho la Melitea, lile la kushoto, lililokuwa likitazama pembeni hata alipokuwa akikutazama wewe, na lililomjia likawa jicho zuri, lililonyooka, la binti wa mfalme.

Kote kanisani watu walikuwa wakitema mate sakafuni. Ilikuwa desturi, kila alipotajwa yule mama, walitema. Wajukuu wa liwali walitema kwa adabu, kwenye leso. Roda, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na Damari, alitema kwa nguvu, kisha akamgeukia.

"Tema, bibi," akamnong'oneza kwa upole. "Usione haya. Ni kwa ajili ya mtoto."

Damari akatema.

Mate yalikuwa machache, kinywa kilikuwa kimekauka. Yaliangukia kwenye ncha ya kiatu chake mwenyewe. Roda akampapasa mgongoni, akamshika mkono ulio ndani ya mtandio, akamwingiza katika mstari wa watu waliokuwa wakienda kuligusa jiwe. Mstari ulisogea polepole. Kila mtu alipewa muda wa kuinama, kuweka kiganja, kusema haja yake. Damari alijiandaa. Hapa angalau, akajisemea, hapa nitakuwa peke yangu na yeye. Nitamwita mwanangu. Nitamuuliza neno lilianzaje.

Zamu yake ikafika. Akainama, akaweka kiganja cha buluu juu ya jiwe. Lilikuwa na joto, joto la mikono ya waliotangulia. Akatafuta neno mwanangu, akalitafuta kama mtu anayepapasa rafu ya jikoni mwake mwenyewe na kukuta watu wamehamisha vyombo.

"Mtakatifu Melitea," akasema, "utuombee."

Mtu aliyekuwa nyuma akamgusa bega, asogee, na wengine wapate nafasi.